Kukaa Mbele ya Trekta

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara katika nchi ya Uganda niliipata kwa sababu ya unene. Sisemi hivi ili watu wacheke, ingawa wakicheka sitawakataza. Pale Nakivale, kambini, wengi walikonda mpaka suruali zikafungwa kwa kamba, lakini mimi nilibaki na mwili wangu wa nyumbani. Upande wa mama yangu tuko hivyo wote. Tunakula ugali na maharage yaleyale ya wenzetu, ila kwetu vinakaa. Wanawake wa Rubondo, mtaa wetu wa kambi, walinong'ona kwamba nina ghala la siri. Niliwaacha na midomo yao.

Tajiri mmoja wa Mbarara, Mwislamu mcheshi mwenye biashara ya mbao, alikuwa amenunua msitu wa mikaratusi kwenye kilima upande wa Ngarama. Alitaka miti yote ikatwe, visiki ving'olewe, na magogo yavutwe mpaka mahali lori lake lilipoweza kufika. Alileta trekta dogo, jekundu, kuukuu, akamwajiri shemeji yangu kuliendesha, kwa sababu huko kwetu Kivu ya Kusini shemeji aliwahi kuendesha trekta la shamba la miwa. Lakini hili lilikuwa jepesi mno kwa kazi ile. Likifungwa gogo zito nyuma na kuanza kupanda, pua iliinuka, magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani, na shemeji akawa anazungusha usukani bure.

Wenye matrekta ya maana hufunga vyuma vya uzito mbele. Tajiri hakuwa na vyuma. Siku aliyokuja kukagua kazi, mimi nilikuwa nimewapelekea wafanyakazi chakula. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, kisha akasema kwa Kiswahili chao cha Uganda:

"Wewe mama, kuja. Kaa hapa mbele ya trekta. Leo hii mashine hapana ruka tena."

Nilikaa. Shemeji akavuta, gogo likaja, pua ikatulia chini. Tajiri alipiga makofi kama mtoto. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi: gunia la majani makavu la kukalia, chuma cha taa cha kushika kwa mikono miwili, na mgongo wangu kuelekea njia. Nilikaa nikimtazama dereva, na nyuma yake nikaona mnyororo na gogo. Wanawake waliokuja kuokota matawi, maana matawi yalikuwa haki yao, walinipigia kelele kila nilipopita: "Aliye juu mngoje chini!" Nami niliwajibu kwamba wangoje sana.

Sasa lazima nieleze habari ya huyu shemeji. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Tulipokimbia vita, mume wangu alirudi kijijini kumtafuta mama yao, na hatukumwona tena. Mtu aliyetukuta njiani alituapia kwamba amemwona amelala kando ya njia, amekufa. Tulimlilia tukitembea. Shemeji naye alikuwa amefiwa na mkewe kabla ya vita, akabaki na watoto watatu, na mdogo kabisa nilikuwa nimembeba mgongoni toka nyumbani.

Tulipofika Kabazana, mahali wageni wanapoandikishwa kabla ya kupewa kiwanja, shemeji alitangulia mezani. Karani akauliza mimi ni nani. Shemeji akajibu: "Ni bibi yangu," yaani mke wake. Kwa desturi yetu hakukosa adabu. Mke wa mdogo wako akifiwa yuko mkononi mwako, utamlisha, utamlinda, na ukoo ukikubali utamwoa. Baadaye alinieleza sababu zake: mwanamke peke yake atapewa kiwanja peke yake, na mlango wa turubai hauna kufuli, tena watoto walihitaji mama kwenye karatasi. Zote zilikuwa sababu nzuri. Ila hakuniuliza. Nami nilisimama pale nasikia, nikanyamaza, nikatia kidole kwenye wino.

Najua mnawaza nini. Hakunigusa hata siku moja. Alilala chumba cha mbele, mimi na watoto chumba cha nyuma, miaka minne. Watoto waliniita mama, na yule mdogo hakujua mama mwingine. Yule mkubwa, msichana, alinishika kwa nguvu zaidi ya wote, kwa kuwa alikuwa anamkumbuka aliyekufa. Nilizoea. Hata nilifurahi, na furaha hiyo ilinitia haya.

Kisha dosie yetu, faili la familia nzima, ikaitwa. Tulichaguliwa kuhamishiwa nchi za mbali. Tukahojiwa mara ya kwanza, tukahojiwa mara ya pili, ikabaki mara moja tu ya mwisho. Msichana mkubwa aliandika ukutani kwa mkaa majina ya Kiingereza ya kila kitu: mlango, ndoo, dirisha. Hata mimi aliniandikia jina langu la Kiingereza, Mother, juu ya kitanda changu.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, mwanamke wa kanisani kwetu alikuja mbio kutoka Kabazana. "Mama! Shemeji yako iko muzima! Mudogo ya bwana yako, ameshuka mu basi leo!"

Alikuwa anasema habari za mume wangu.

Nilikwenda. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka katikati ya wageni wapya, amekonda, sikio moja limekatika. Aliinuka. Kumzunguka walikuwapo watu wanaonijua, watu waliosali nami miaka minne na kuniita mke wa kaka yake. Nilimpa mkono. Nilimpa mume wangu mkono kama mgeni wa ibada, naye akausoma ule mkono, akakaa tena chini.

Mchana huohuo shemeji alimweleza yote. Tukisema ukweli, wataona tulidanganya tangu mwanzo, na dosie itafungwa kwa wote, watoto wakiwamo. "Vumilia, mudogo wangu," shemeji alisema. "Tufike kule kwanza, tutakuita." Mume wangu aliuliza: "Mutaniita kama nani?" Jibu lilikuwa moja tu. Ningemwita kama shemeji yangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu alitoroka Kabazana asubuhi akaja kilimani, na shemeji akampa mnyororo. Basi tukawa hivi kila siku: mume wa karatasi kwenye usukani, mume aliyenioa kanisani nyuma akifunga magogo, na mimi juu ya gunia, natazamana nao wote wawili. Hatukuwa na faragha ya kuzungumza. Injini ilizungumza kutwa nzima.

Mara moja tu alinikuta peke yangu, kando ya lori lililokuwa linapakiwa. "Twende Mbarara," aliniambia. "Tajiri amesema kule hapana mutu anauliza karti." Mbarara nilikuwa nimefika mara moja, juu ya magogo hayohayo, na kibali cha kutoka kambini kimefungwa ndani ya kitenge. Niliona barabara ya lami, maduka, wanawake wanaotembea bila karatasi yoyote mkononi. Nilitamani kukubali. Lakini nikipotea kabla ya kuhojiwa, dosie ya watoto inapotea nami. Nilimwambia asubiri. Neno hilo nilishaanza kulichukia hata mimi mwenyewe.

Siku mbili baadaye mvua ilinyesha asubuhi, kilima kikawa sabuni. Mnyororo hufungwa chini kabisa, kwenye ndoano iliyo chini ya mhimili wa nyuma. Ukifungwa juu, gogo likikwama, trekta linasimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayetaka majani. Ndoano ya chini ilijaa matope siku hiyo, na mume wangu hakuwa na mazoea. Alifunga juu. Shemeji hakugeuka kuangalia.

Tulipanda hatua kama kumi hivi. Gogo likagonga kisiki likakwama. Niliona uso wa shemeji ukishuka chini yangu, nikaelewa kwamba ni mimi ninayepanda. Kiatu chake chenye matope kilikuwa kimeteleza kwenye klachi, akawa anaitafuta kwa mguu bila kuipata. Niliona vilele vya miti ya bondeni, kisha nikaona matope ya chini.

"Ruka!" mume wangu alipiga kelele kutoka nyuma. "Ruka weye, ruka!"

"Hapana ruka!" shemeji akalia. "Ukiruka inanilalia! Mama, usiruke!"

Wote wawili walisema kweli. Nikibaki, likipinduka, nitakwenda nalo. Nikiruka, hakuna kitakachozuia pua, na litamwangukia dereva, baba wa wale watatu. Sijui nilifikiri nini, na anayedai kwamba alifikiri mahali kama pale ananidanganya. Nililala kifudifudi juu ya boneti ya moto, nikakumbatia chuma kwa mwili wangu wote, nikaita Yesu. Kisha mguu wa shemeji ukaipata klachi na tukashuka kwa kishindo. Nilijiuma ulimi, damu ikajaa mdomoni.

Shemeji alishuka akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. "Unataka kuniua?" Mume wangu hakumtazama. Alinitazama mimi. "Nilikuambia uruke," alisema, akaenda zake Kabazana kwa miguu. Hakurudi kilimani wiki ile yote.

Siku ya kuhojiwa ikafika. Niliwapaka watoto mafuta, nikawavalisha nguo za kanisa, tukakaa kwenye benchi la makao makuu ya kambi. Waliita mmoja mmoja. Shemeji aliingia kwanza, akatoka ametulia. Zamu yangu ikaja. Nyuma ya meza alikuwa mama mmoja mpole mwenye kompyuta, na kando yake mkalimani, Mkongomani mwenzetu. Nilijiandaa kwa kila swali: kitanda kina rangi gani, shemeji anapenda mboga gani, nani huamka kwanza. Niliyajibu yote bila kigugumizi.

Kisha mama yule alisoma kitu kwenye kompyuta, akasema, na mkalimani akaniambia: "Anauliza, mudogo ya bwana yako amejiandikisha wiki iliyopita. Anasema bibi yake alikufa ku vita. Ulimujua ule bibi?"

"Nilimujua."

"Alikufa fasi gani?"

Neno moja lilitosha. Njiani. Ningesema njiani, tukasafiri. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliiona ndefu, nyeupe, inafika mpaka kwenye ndege, na watoto watatu wameketi mwisho wake na nguo zao za kanisa. Nilitaka kulisema. Naapa nilitaka. Lakini hasira ilinipanda. Mmoja alinioa bila kuniuliza, na mwingine amenizika bila kuniuliza, na sasa naulizwa mimi nionyeshe kaburi. Mdomo ulinitangulia.

"Hakufa," nilisema. "Njo mie huyu, ule bibi."

Mkalimani alikuwa ameshafungua kinywa kutafsiri. Akakifunga. Alitazama kalamu yake, akaniuliza polepole kwa sauti ileile ya kazi, ili yule mama asitambue kitu: "Mama, niseme vile?"

Kupitia dirishani nilimwona msichana mkubwa anamfuta mdogo wake vumbi kwenye viatu.

"Sema," nikamwambia.

Dosie ilifungwa wiki ileile. Mume wangu alipopata habari, alikaa chini akashika kichwa. Sikupata asante, nami sikuwa nimeitafuta. "Nilikufungulia mulango," alisema, "weye umeufunga." Nilimuuliza kama alinizika kwa upendo au kwa hasira ya siku ile ya trekta. "Vyote viwili," akasema, na mpaka leo hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kunipa.

Jumatatu tulirudi kilimani, maana magogo yalikuwa yanangoja na tajiri hakuwa na habari za dosie. Tulifanya kazi mpaka miti ikaisha, watu watatu tusiosemezana, na trekta likarudishwa Mbarara juu ya lori. Baada ya muda nilihamishiwa kwenye karti ya mume wangu, yaani kadi yake ya kambi. Kiwanja hakikugawanywa, kwa hiyo tunaishi mahali palepale Rubondo, nyumba mbili zinazotazamana mlango kwa mlango. Shemeji alinisamehe mbele ya mchungaji, na nadhani alisamehe kweli. Dosie yake ilirudishwa chini kabisa ya nyingine zote, na miaka imepita haijaitwa.

Msichana mkubwa sasa ni mwanamke. Siku ile, tukiwa tunarudi kutoka makao makuu, alimuuliza baba yake nimesema nini mle ndani, na baba yake, niliyekuwa nimemweleza pale benchini, akamwambia. Hakulia. Kesho yake asubuhi, nikiwa jikoni, alikuja kuomba ndoo ya maji, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, mama mudogo." Mke wa mdogo wa baba yako huitwa hivyo. Ni neno la haki, hata mchungaji hana la kusahihisha. Ananiita hivyo kila siku mpaka leo, kwa adabu zote, na mimi huitika.