Kompyuta za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa lifti, na akirudi kutoka kazini hufungua kompyuta. Simaanishi kuiwasha. Namaanisha anachukua bisibisi. Sebuleni kwao zipo sita, mbili hazina mifuniko, na meza ya chakula imegeuka karakana, kiasi kwamba watu wanakula sahani zikiwa mapajani.

Maoni yake juu ya kampuni za programu hayana mwisho, wala huhitaji kumuuliza. "Mimi natengeneza lifti," hupenda kusema. "Umewahi kuona lifti imesimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, eti inajisasisha, na watu wamo ndani? Ningefukuzwa siku hiyohiyo. Hawa jamaa wanapewa tuzo!" Zamani, anasema, ulinunua kitu kikawa chako, siku hizi unalipia kila mwezi na bado wanakuchungulia. Mimi huitikia tu, maana ukimbishia chai inapoa. Kuna kampuni moja hasa ambayo hawezi kuitaja bila kukunja uso, na programu zake hazikanyagi nyumbani kwake. Yeye hutumia mfumo wa bure anaourekebisha mwenyewe. Mengi anayosema ni kweli. Shida ni kwamba ukitaka kuchapa barua katika nyumba hiyo yenye kompyuta sita, inabidi uende dukani.

Binti yake alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima bila kazi tangu amalize chuo. Hatimaye akaitwa kwenye usaili, kwa njia ya video, wa kazi ya kupokea simu za wateja. Kampuni ni ileile. Shemeji alimeza mate, akasema kazi ni kazi, kisha akajitolea kumwandalia binti kompyuta ambayo hakuna duka linaloiuza.

Asubuhi ya usaili nilipita kumtakia mpwa wangu heri. Kamera ilifanya kazi, sauti ilisikika, kila kitu shwari. Ndipo shemeji akaona abadilishe kitu kidogo tu kwenye mfumo, ili picha iwe safi zaidi. Skrini ikawa nyeusi.

"Baba, imebaki robo saa."

"Subiri, mwanangu. Usiniharakishe."

"Baba!"

Dada alininyooshea mkono, nikampa simu yangu. Ni simu ya bei ya chini, huwezi kubadilisha chochote ndani yake, na shemeji huiita jela ya mfukoni. Tulijaribu kuiegemeza kwenye vikombe, ikawa inateleza. Basi shemeji akaichukua, akasimama mbele ya binti yake mguu sawa, akaishika kwa mikono miwili usawa wa uso wa binti.

Usaili ulienda vizuri. Msaili, mwanamke mwenye sauti ya upole, akauliza, "Mteja akipiga simu amewaka, anaitukana kampuni, utamtulizaje?"

Mpwa wangu hakufikiri sana. "Nimeishi na mteja wa namna hiyo tangu nizaliwe," alisema. "Simbishii, kwa sababu mara nyingi anachosema ni kweli. Namwacha amalize. Halafu namuuliza alikuwa anataka kufanya nini kabla mashine haijamgomea. Hasira huwa inamsahaulisha. Akikumbuka anatulia, na sisi tunaanzia hapo."

Shemeji alikuwa anamtazama kwa juu ya simu. Simu ikaanza kutetemeka.

"Naona picha inacheza, dada. Mtandao wenu una shida?"

"Hapana. Ni baba yangu ameshika simu. Mikono imemchoka."

Yule mwanamke akacheka, akasema apewe pole.

Walipoagana, shemeji alinirudishia jela yangu, akaenda kuketi mbele ya ile kompyuta nyeusi. Alishika bisibisi lakini hakufungua kitu. Nilimwonea huruma, na si kawaida yangu. Mpwa akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Baba, ulikuwa unataka kufanya nini?"

Aliweka bisibisi mezani.

"Nilitaka wakuone vizuri," alisema.