Siku Nilipowageuza Wenzangu Ukutani

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Msimu wa korosho umeanza, wakulima wa Matambarale wako nje na magunia, na mimi, fundi kompyuta wa chama chetu cha ushirika pale Ruangwa, nimesahau neno la siri la hifadhidata yao. Yenyewe ilikaa kwenye mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa ndani ya kompyuta nyingine.

Nikaiwasha upya kwa namna isiyokagua neno la siri, nikaingia, nikaweka jipya. Kisha nikaita ofisi nzima.

“Geukeni ukutani! Neno hili nalijua peke yangu.”

Wakageuka, hata meneja. Nikaandika, nikaingia. Nilivimba kama bwana harusi.

Somoe, karani wa mizani na mtani wangu, akasogea. “Wewe mtani huna siri. Ngoja nijaribu.”

Akaandika “mla panya”, jina analoniitia kila siku. Ikafunguka. Meneja akaandika “korosho”. Ikafunguka.

Hapo nikakumbuka: sikuirudisha kwenye hali ya kukagua. Ilikuwa inapokea neno lolote.

Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Meneja akanitazama kwa upole.

“Haya mtaalamu, sasa geuka wewe.”

Nikageuka.