Mto wa Bibi Verna

Woyooo, Bibi Verna kawashinda watu wa manispaa! Huyu jirani yetu hapa Minnesota kila siku anakatiza nyasi za bustani ya mji kwenda dukani, mpaka pamekuwa njia. Basi wataalamu wa mipango wakapiga picha kutoka juu, wakauona ule mstari, wakasema ni mto! Wakachora daraja, wakatia na bata, halafu uzio watu wasipite. Kwenye mkutano Bibi akamwambia Preston, mkuu wao: "Mwanangu, huo mto ni miguu yangu. Ukiweka uzio, mkate nitaufuata kwa mtumbwi?" Ukumbi mzima kicheko! Preston na digrii zake akachukua kalamu, akakata daraja na bata wote. Sasa njia ya Bibi inawekwa lami palepale. Naombeni mtumie na wenzenu.