Walivyolibomoa Kanisa la Mawe

Walilibomoa siku ya Jumanne, mimi nikiwa Kimwani, wilayani Muleba, kumzika shangazi yangu, na hadi leo hakuna atakayeniaminisha kwamba siku ile iliangukia hapo kwa bahati. Kila muumini alijua nimesafiri. Jumapili iliyotangulia mchungaji mwenyewe alitangaza msiba wetu, akafumba macho, akaniombea safari njema ya Muleba. Siku mbili baadaye katapila likaingia uani.

Nieleze kwanza lilikuwa kanisa gani, maana mtu akisikia kanisa la zamani la Bukoba anafikiria minara na vioo vya rangi. Letu lilikuwa dogo, la Kibaptisti, pembeni mwa mji, kuta za mawe na mabati yaliyokuwa mekundu kabla jua halijayapausha. Mgeni angeweza kulidhania ghala la kahawa. Tulikuwa wachache, na bado tu wachache, katikati ya Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, na hakuna aliyetujengea. Mawe yalitoka kwenye mwamba ulio juu ya mtaa. Wanaume waliyavunja kwa nyundo jioni baada ya kazi zao, wanawake wakayateremsha kichwani juu ya kata za majani makavu ya migomba. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nilibeba maji ya kuchanganyia udongo.

Baba yangu alikuwa ndiye mwashi. Alizaliwa Kimwani, kwenye kibanja cha ndizi na kahawa, katika familia ya Kikatoliki, na alipobatizwa upya ukubwani, ndani ya ziwa, mama yake aliacha kumwita mwanangu. Alimwita "yule wa Bukoba." Waumini wetu wa mwanzo wote walizamishwa ziwani, na siku za mawimbi walirudi nyumbani bila kubatizwa. Ndipo baba akasema atachimba birika la kubatizia ndani ya kanisa. Akalichimba chini ya mimbari, akalijenga kwa mawe, na ngazi tatu za kushukia, akalifunika kwa mbao zilizoondolewa siku ya ubatizo tu.

Siku ya kulifungua kanisa bibi alikuja kutoka Kimwani. Hakuingia. Alisimama mlangoni, rozari mkononi, akalitazama jengo kuanzia paa hadi msingi, kisha akamwambia baba kwa Kihaya, "Mwanangu, umejenga vizuri." Baba alilia mbele ya watu wote. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala baadaye.

Hilo ndilo mchungaji wetu wa sasa aliloliita "jengo la aibu."

Ni kijana msomi, aliletwa kwetu kutoka mbali, anahubiri vizuri, sitamnyima hilo. Aliitisha kikao baada ya ibada, akasema Mungu wetu ni Mungu wa mambo makubwa, na sisi tunamwabudu kibandani. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akainuka kumuunga mkono. Huyu ni mtu wa rika langu. Nilimwona kwa macho yangu akishuka zile ngazi tatu na kuibuka akitiririka maji, mama yake akipiga vigelegele. Akasema jengo lina ufa tangu wakati wa tetemeko, ni hatari kwa watoto.

"Ufa uko wapi?" nikauliza. "Twende ukanionyeshe sasa hivi."

"Mwalimu," akanijibu, "ufa mwingine hauonekani kwa macho."

Watu wakacheka. Nikashangaa, maana tetemeko hilo wote tulikuwepo. Alasiri ile nyumba za matofali mtaani kwetu zililala chini, na kanisa likapoteza lipu ya ukuta mmoja, basi. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyebomokewa nyumba yote, aliishi humo na wanawe wiki mbili. Akiswali, tulimwachia upande wa dirisha. Hatari kwa watoto ilikuwa wapi siku hizo?

Kikao kiliisha bila kura. Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, kila mtu aandike jina na saini. Nikaandika. Miaka zaidi ya thelathini nimefundisha shule ya msingi, nikiwaambia wanafunzi wasome kabla ya kuandika, na mimi nikasaini karatasi isiyo na kichwa cha habari kwa sababu mpishi alikuwa ameshaleta chai.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa afisa mmoja anayeshughulika na mambo ya utamaduni. Aliniuliza kama kanisa lina ramani, hati au picha za zamani.

"Lina watu waliolijenga," nikamwambia. "Mama yangu mmoja wao, yuko hai."

"Mama, watu si hati," akasema, lakini hakuwa mtu mbaya. Aliandika barua fupi, akaomba tusubiri hadi aje alione jengo na kuzungumza na wazee. Barua hiyo niliipeleka kwa mkono wangu hadi kwa mchungaji. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Tumeipokea, mwalimu." Kisha shangazi akafariki, nikaenda Kimwani.

Tulikuwa bado tunapokea wageni wa msiba simu ilipolia. Alikuwa yule jirani, mama wa Kiislamu.

"Mwalimu, wanavunja kanisa lenu. Nimesimama mbele ya katapila nikawaambia wakungoje urudi. Wameniambia haya hayanihusu."

Muislamu ndiye aliyesimama. Wabaptisti walikuwa wapi? Nilipofika kesho yake nilikuta kifusi, mbao za mimbari zimevunjwa, na lile birika limejazwa mawe yaleyale waliyoyabeba mama zetu. Mchungaji alikuwa anapiga picha.

"Barua ya afisa ilisemaje?" nikamuuliza, na sikusalimia.

"Mwalimu, barua ni ushauri. Waumini waliridhia." Akafungua faili, akanionyesha karatasi. "Na wewe umo. Namba kumi na saba."

Ilikuwa ile karatasi ya mahudhurio. Juu yake, kwa kalamu nyingine, palikuwa pameandikwa: Walioafiki jengo la zamani kuondolewa.

Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini hasira ile ilikuwa na ladha, kama chuma mdomoni. Walinifanya niibomoe kazi ya baba yangu kwa saini yangu.

Jumapili ibada ilifanyika chini ya turubai. Ulipofika muda wa ushuhuda nikasimama. Nikasema karatasi ile ilikuwa ya mahudhurio, kwamba imegeuzwa, na kwamba anayebisha asimame anitazame usoni. Hakuna aliyesimama. Nikaanza kutaja majina ya wavunja mawe, mmoja baada ya mwingine. Sijafika hata nusu, mchungaji akaipa ishara kwaya. Wakaimba juu ya sauti yangu. Nikaendelea kutaja, nao wakaongeza sauti, na nilimaliza orodha yote bila mtu kusikia hata jina moja, isipokuwa bibi kizee wa kiti cha mbele, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa.

Kisha mafundi wakaanza kuchimba msingi wa ukumbi mpya, na maji yakatoka. Walichota, yakarudi. Walimwaga kokoto, zikazama. Majuma matatu baadaye mwenyekiti alibisha hodi kwangu, kofia mkononi, akasema anaomba kumwona mama.

Mama anaishi nami. Macho yake yamefifia, akili ni nzima. Tangu tulipomwambia kanisa limevunjwa, alikuwa akisali chumbani kwake.

"Mama, shikamoo," mwenyekiti akasema. "Tumekuja kuuliza. Marehemu mzee aliyapeleka wapi maji ya pale?"

Nilitaka kumtoa nje. Nikafungua mdomo, mama akaniinulia kiganja.

"Marahaba. Keti, mwanangu." Akamweleza polepole: chini ya ile sakafu kuna chemchemi, baba aliikuta akichimba birika, akaijengea mfereji wa mawe uliopita chini ya ukuta wa nyuma hadi kwenye migomba ya jirani. Katapila litakuwa limeuponda. Wautafute hatua tano kutoka ulipokuwa mlango wa nyuma. Alimchorea sakafuni kwa fimbo yake. Mwenyekiti akaomba radhi, akashukuru, akaondoka bila kunitazama.

"Mama, kwa nini umemwambia?" Nilikuwa karibu kupiga kelele. "Wangezama na ukumbi wao!"

"Ni nyumba ya Mungu," akasema. "Na baba yako hakuwahi kuacha kazi inavuja."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Mfereji waliupata, wakauzibua, ukumbi ukasimama. Una vigae na vipaza sauti. Birika halipo, siku za ubatizo wanakodi basi dogo kwenda ziwani, na juzi walirudi bila kubatiza kwa sababu ya mawimbi. Mchungaji ameomba kuhamishwa. Niliomba angalau ukuta wa nyuma uwekwe kibao chenye majina ya wajenzi, nikaambiwa kamati italitazama suala hilo. Bado wanalitazama.

Kila Jumapili naenda. Sitawaachia kanisa walioliiba. Nakaa nyuma, na mama siku hizi amekubali nimshike mkono twende wote. Mwenyekiti akipita hunisalimia, nami humwitikia, kwa kuwa nililelewa. Mkono simpi.