Mama Dorkas na Jina la Kumi na Saba

Saa kumi na moja alfajiri lori limeshavuka mto wa pili, linateremka kutoka milima ya Boana kwenda mji wa Lae. Limebeba watu kumi na mmoja wa kikundi cha injili, magitaa mawili, magunia ya magimbi, na Mama Dorkas Giamung aliyekalia sufuria kubwa lililofunikwa.

"Mama, shuka hapo, utalibonyeza!" anapiga kelele Yakob, mpiga gitaa.

"Likibonyea utakula wali uliobonyea. Wewe mtu wa pwani, imba tu. Babu yangu hakuwa na jino hata moja na alikuzidi sauti."

Lori zima linacheka. Yeye hacheki. Anatema mate mekundu ya popoo anayotafuna nje ya bodi, anajifunika kitenge.

Safari ni ya siku nne: vijiji viwili, kisha gereza. Mama Dorkas ana miaka hamsini na saba, na huu ni mwaka wake wa kumi na mbili na kikundi. Miaka kumi na mmoja ya kwanza alikuwa mkalimani, kwa kuwa anajua lugha tatu za milimani na sauti yake inavuka korongo. Mwaka huu ni mpishi. Aliomba mwenyewe.

Nyumbani anauza karanga. Siku nzuri anapata fedha za huko, kina ishirini na tano. Siku ya mvua anarudi nazo. Safari inampa kina arobaini kwa siku zote nne. "Na mche wa sabuni," anasema, "wakikumbuka."

Mwaka jana, mwezi wa sita, kikundi kilikwenda gerezani na muuguzi, Sista Loine, na dawa za kifua. Wakuu wa gereza walikubali awaone wagonjwa arobaini, kwa orodha, na saa tisa wote wawe wamefungiwa. Mama Dorkas akapewa karatasi asimame kwenye uzio wa waya wa uani, aite majina.

Jina la kumi na saba lilikuwa Mesak Sakias, mume wa binti yake Tabita. Alikuwa na miezi mitano ndani, kati ya miaka sita aliyohukumiwa kwa kumkata mtu panga wakigombea mpaka wa shamba.

Kwetu mama mkwe halitamki jina la mkwewe. Si sokoni, si kanisani. Wokovu umepita juu ya jambo hilo ukaliacha kama lilivyo. Akilifikia hunyamaza, na anayenyamaziwa hujua kwamba ndiye anayeitwa.

"Nikanyamaza," anasema. "Pumzi tatu, kama tunavyofanya siku zote. Askari akaniuliza, 'Mama, umekwama?' Nikamwambia nameza mate. Nikaita la kumi na nane."

Kijijini angekuja mbio. Lakini Mesak hakuwa uani. Alikuwa amelala bweni la nyuma, anakohoa, anasikiliza majina kupitia dirisha. Ukimya haufiki mbali hivyo.

Wagonjwa walipopita, Mama Dorkas aliinamisha uso. Mkwe hatazamwi. Akaamini Mesak naye amepita.

"Wamekwisha, Mama?" Sista Loine akauliza.

"Wamekwisha."

Wakiwa njiani kurudi, Sista akapitia orodha yake. "Mmoja hakuja. Wa kumi na saba. Labda alipata nafuu."

Mama Dorkas alikaa nalo mpaka Boana. "Ningesema nini? Ni yule? Yule nani?" Siku ya tatu baada ya kurudi alimwendea mchungaji, aliyemjua mkwe wake bila kutajiwa, na mchungaji akaandika barua gerezani. Ilikaa mezani kwa mtu. Wiki ya tano gari lilileta jeneza.

Sista Loine hana maneno mengi. "Sikumwona, kwa hiyo siwezi kusema angepona. Wala siwezi kusema asingepona. Mama amenisihi nichague moja. Sina la kuchagua."

Tabita alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku ya maziko alimwambia mama yake mbele ya watu: "Karatasi ulikuwa nayo mkononi. Ungemwonyesha askari jina kwa kidole. Kidole nacho kimekatazwa?"

Mama Dorkas anakitazama kidole chake, cheusi kwa udongo wa magimbi. "Ameniweza. Umri wote huu, na hilo sikuliwaza."

Anafuga nguruwe jike chini ya nyumba. Mwezi wa kumi na mbili anataka kumpeleka kama fidia kwa ukoo wa Mesak, anakokaa Tabita, juu kabisa bondeni, mwendo wa siku nzima, akae mlangoni mpaka aambiwe ingia. "Wakinifukuza nitalala njiani. Nguruwe nitamwacha. Nataka tu mwanangu ale chakula nilichopika mimi, hata kijiko kimoja."

Siku ya nne ya safari hii orodha gerezani ilisomwa na Yakob, asiye na mkwe milimani. Waliitwa thelathini na wawili, wakaja thelathini na wawili. Mama Dorkas alipakua wali na samaki wa kopo, hakuinua uso. Sista Loine amerudi kwenye zahanati yake Lae. Mchungaji amehamishiwa kisiwani. Mesak amezikwa kwao. Tabita anaishi na wakwe zake, na tangu maziko hajateremka Boana. Mwezi wa tisa mwaka uleule alijifungua mtoto wa kiume. Amepewa jina la baba yake, kwa hiyo bibi yake hawezi kumwita.