Rangi ya Ruracio

Redio ya masafa marefu niliifunga mwenyewe kwenye pikapu yetu, hapa kwetu mtaani Skuta, kwa sababu njia ya Doldol haina mtandao wa simu. Nilipotaka kukwangua rangi ili kitako cha antena kiguse bati tupu, mume wangu akanishika mkono. Pikapu ilikuwa imetoka kupakwa rangi. Ndiyo ingebeba wazee Jumamosi kupeleka ruracio, yaani mahari, kwa wakwe wa kijana wetu.

“Ukiiacha hivi, utanisikia, lakini mimi sitakusikia,” nilimwambia.

“Afadhali. Wewe utaongea tu.”

Alhamisi akaenda Doldol na pikapu hiyo kununua mbuzi wa hiyo mahari. Mvua ikanyesha, mito ikafurika, na giza likaingia hajarudi. Nilimwita kwa redio ya pili, iliyo hapa nyumbani, hadi koo likakauka. Nilisikia mkwaruzo tu.

Hasira ikanipanda kuliko woga. “Kama uko hai, mzee, legeza hiyo nati, toa kisu, ukwangue hiyo rangi!”

Chai ikapoa mbele yangu. Nikaanza kusali.

Ndipo sauti yake ikapenya, ikitetemeka kwa baridi.

“Nimekwangua, mama watoto. Maji yamenizunguka pande zote. Usinyamaze. Endelea kuongea.”