Mteremko wa Manga Bila Injini

Tangu Ijumaa ile kuna maneno mawili yanayosemwa kunihusu, na yote mawili si sahihi. La kwanza ni kwamba nilisahau kutia mafuta katika pikipiki yangu. La pili husemwa kwa heshima, hata mbele yangu, na nitalifikia kwa wakati wake. Nilitumikia serikali tangu ujana hadi nilipostaafu, na utumishi huo ulinifundisha kwamba kosa lisiposahihishwa likiwa changa, wajukuu hulirithi kama ukweli.

Sikusahau. Kwetu sisi Wasabato Ijumaa ni siku ya maandalio. Kabla jua halijatua viatu viwe vimeng'arishwa, kuni ziwe zimepasuliwa, chakula cha kesho kiwe kimeiva, kwa sababu jua likishazama hakuna kununua wala kuuza hadi jioni ya Jumamosi. Siku hizi maandalio yamekua pamoja na dunia, na tangi la pikipiki limeingia humo. Asubuhi ya siku hiyo nilikwenda Kebirigo mwenyewe, nikasimama kituoni nikitazama mafuta yakipanda hadi shingoni mwa tangi, nikafunga kifuniko kwa mkono wangu, nikarudi nyumbani, nikaegesha pikipiki chini ya paa la ghala na kwenda kuoga. Mtu aliyesahau hafanyi hivyo.

Jioni hiyo haikuwa jioni ya kawaida. Mama yangu, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu, alikuwa ahamie kwangu Jumapili. Aliishi peke yake bondeni, upande wa pili wa ukingo wa Manga, katika nyumba ambayo baba aliijenga kabla sijazaliwa. Kila Ijumaa jua likikaribia kutua baba alianzisha wimbo wa kufungua Sabato katika nyumba hiyo, nasi tukaudaka. Baba alipofariki, kazi ya kuanzisha wimbo ilinishukia mimi, mwana mkubwa. Mama hakuwahi kukubali auanzishe mtu mwingine. Nikichelewa, alikaa kimya gizani akinisubiri, na mwaka mmoja barabara ilipokatwa na mvua nikakosa kufika, hakuimba kabisa. Hii ingekuwa Ijumaa ya mwisho katika nyumba ile. Wiki iliyotangulia alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, sitaki nyumba ya baba yako ifungwe bila wimbo." Nilimpa neno langu.

Niliondoka mapema. Mke wangu alibaki kwa sababu kanisa letu lilikuwa na wageni Sabato ile, naye ni shemasi. Pikipiki ilipanda vizuri hadi juu kabisa ya ukingo, pale ambapo mashamba ya chai yanakwisha na barabara ya murram inajiandaa kuteremka. Hapo ilikohoa. Ilikohoa tena, kama mzee anayetaka kusema jambo barazani, kisha ikanyamaza.

Nilifungua koki ya mafuta upande wa akiba. Hakuna. Nikafungua kifuniko, nikaitikisa pikipiki, nikaweka sikio tangini. Tangi nililolijaza asubuhi lilikuwa kavu kama ngoma. Nilimpigia simu mke wangu.

"Mzee, umefika?" akauliza kwa furaha.

"Sijafika. Nani amegusa tangi langu?"

"Ah. Ni vijana wa kwaya. Jenereta ya kanisa haikuwa na mafuta na kesho tuna wageni. Walikuja na mpira wakanyonya kidogo. Wewe ulikuwa bafuni."

"Kidogo? Wamenyonya mpaka akiba!"

"Walisema wamekuachia ya kukufikisha."

"Kunifikisha wapi? Walitumia kipimo gani? Nani aliidhinisha?"

"Mimi," akasema, bila kutetemeka. "Si wewe uliyesimama mimbarini ukatuambia vyote ni vya Bwana? Au pikipiki haimo?"

Nataka ieleweke kwamba sipingi jenereta ya kanisa. Ninachopinga ni mali ya mtu kuchukuliwa akiwa na sabuni machoni. Lakini hapakuwa na nafasi ya kulieleza jambo hilo kikamilifu, kwa kuwa jua lilikuwa limebakiza upana wa viganja viwili tu kufika mstari wa vilima.

Kando ya barabara pale juu kuna mama anayeuza petroli katika chupa. Nilimkuta amekwisha kubadilisha nguo. Chupa zake zilikuwa zimeoshwa na kupachikwa kichwa chini kwenye vijiti vya ua, zikidondosha maji.

"Bwairire, mzee wa kanisa," akanisalimu kwa salamu yetu ya jioni. "Mafuta yaliisha zamani. Si leo ni maandalio? Wasabato wote wamepita hapa wakajaza. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilijaza Kebirigo."

Akaitazama pikipiki iliyonyamaza, akanitazama mimi, na kwa adabu akameza kicheko. Nadhani habari kwamba nilisahau zilianzia kwenye ua ule.

Akapita mwendesha boda boda aliyepakia gunia la mbolea na, juu ya gunia, abiria. Nilimsimamisha nikamwomba mafuta ya kunifikisha bondeni.

"Mzee, hata mimi imebaki ya kunusa tu," akasema. "Lakini hapa unataka mafuta ya nini? Weka fri. Mlima wenyewe utakubeba."

Kuweka fri ni kuacha gia huru, chombo kikateremka kwa uzito wake. Katika idara yetu dereva aliyepatikana akiteremka hivyo aliandikiwa barua ya onyo, na mara nyingi mwandishi wa barua hizo nilikuwa mimi. Nilimweleza kijana huyo kwamba jambo hilo ni hatari na ni kinyume cha utaratibu.

"Sawa, mkubwa," akajibu, akiwasha. "Basi ngoja petroli ya Jumapili. Wewe na utaratibu."

Abiria juu ya gunia alicheka mpaka wakapotea konani.

Nililitazama jua. Nikafikiri juu ya mama amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, uso ukielekea barabarani. Nikafunga vifungo vya koti, nikakaza kofia ya chuma, nikaweka gia huru, na kuisukuma pikipiki hadi mahali ambapo ardhi inaanza kuinama. Kisha nikapanda.

Mwanzoni ilikuwa polepole, kama kitu kinachosita. Kokoto zilisagika chini ya matairi, moja moja, nami nilizisikia zote. Hilo ndilo lililonishtua kwanza: kwamba nilisikia. Njia ile nimepita tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilipoacha kuipita kwa miguu nikaanza kuipita kwa mlio wa injini, na tangu hapo sikupata kujua kwamba kuna kitu kilichofunikwa na mlio huo.

Kasi ikaongezeka. Nilishika breki kidogo kidogo, ya nyuma kwanza, kama inavyotakiwa. Barabara ikakunja mwamba, na bonde lote likafunguka mbele yangu. Naomba kulieleza bila chumvi. Kilima nyuma ya kilima, migomba imeshikana mabega hadi chini mtoni, mabati ya nyumba yakiwaka kama vipande vya makaa, moshi wa jioni ukipanda kutoka kila boma ukiwa umenyooka kwa sababu hapakuwa na upepo. Mbali kabisa, magharibi, kulikuwa na mstari mwembamba mweupe. Nilidhani ni wingu. Halikuwa wingu, lilikuwa ziwa. Baba alituambia mara nyingi kwamba kutoka Manga ziwa huonekana, nasi tulidhani ni maneno ya kutufurahisha watoto.

Ndipo sauti zikaanza. Upande wa kushoto, kutoka nyumba yenye ua wa mikaratusi, sauti ya mwanamume mmoja ilianzisha wimbo wa Sabato, na sauti za watoto zikaudaka, moja ikiwa imekosea ufunguo kabisa. Nilipita. Kabla wimbo huo haujaisha masikioni mwangu, nyumba ya chini yake ilikuwa imeanza wimbo mwingine, na ng'ambo ya kijito nyingine, na nyingine. Kila familia ilikuwa inaanza kwa wakati wake, kadiri jua lilivyoonekana kutoka mlangoni mwake. Walio mashariki ya mwamba walitangulia, kwa sababu kivuli kiliwafikia kwanza. Walio na uwazi walichelewa. Nami nilikuwa nikiteremka pamoja na ukingo wa kivuli chenyewe, kwa kasi ileile, hivi kwamba nyumba baada ya nyumba ilianza kuimba nilipofika ubavuni mwake. Ilikuwa kana kwamba mkono mmoja ulikuwa ukipita juu ya bonde, ukigusa paa hili, kisha paa lile.

Nimehudhuria sherehe nyingi za kitaifa. Nimesimama wima kwa bendi na mizinga. Sikuwahi kuhisi nywele zikinisimama mikononi kama zilivyosimama pale, mtu mzima mwenye koti, juu ya chombo kisicho na uhai, nikiwa siwezi hata kuvua kofia kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kwenye breki. Ng'ombe waliinua vichwa wakanitazama nikipita bila kishindo. Mbwa mmoja alikuja mbio hadi njiani, akafungua kinywa, akakosa cha kubwekea.

Hasira yangu ilikuwa nami niliposhika mteremko. Sijui niliiacha kona ipi.

Kila mteremko una mwisho. Darajani mwendo ulipungua, ukawa wa kutembea, ukawa si kitu. Mbele yangu kilibaki kipande cha mwinuko, kisha boma la mama. Jua lilikuwa limegusa kilima. Nilishuka nikaanza kusukuma. Pikipiki ile ni nzito, ya kazi, na mimi si kijana. Nusu ya njia pumzi ikawa inaingia bila kutoka.

Jirani wa mama, mzee wa umri wangu tuliyechunga naye ng'ombe utotoni, alitoka langoni akiwa na nguo za ibada, mkewe nyuma yake.

"Umeamua kuitembeza sasa?" akauliza.

"Usiguse," nikahema. "Jua... kwako limeshatua. Utakuwa unafanya kazi."

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato si huvutwa? Huyu wako ana taa badala ya pembe, lakini ni ng'ombe tu." Akamgeukia mkewe. "Shika mkia."

Wakasukuma. Mkewe alisukuma kwa nguvu kutushinda sote wawili, na tukaingia uani kwa mama jua likiwa limebaki ukucha mmoja juu ya kilima. Nasisitiza: nilifika kabla halijatua. Jirani aliliona, na mkewe aliliona.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, kitambaa cheupe kichwani. Hakugeuza uso kunitafuta.

"Sikusikia mlio," akasema. "Nilisikia miguu. Nikasema, leo anakuja kama baba yake alivyokuwa akija."

Niliingia nikasimama mahali ambapo baba alizoea kusimama, kati ya meza na mlango. Chumba kilikuwa tupu. Vyombo vimefungwa kwa shuka, ukuta ukionyesha alama nyeupe pale kabati lilipokuwa. Mwanga wa mwisho uliingia ukalala sakafuni. Nikafungua kinywa nianze wimbo.

Hakikutoka kitu. Ilitoka hewa, kama tairi linalotobolewa. Nikajaribu tena, nikashikwa na kikohozi kirefu nikainama, nimeshika meza. Nuru sakafuni ilikuwa ikijikunja kuelekea mlangoni. Nilimtazama mama nikijua kwamba atakaa kimya, kama siku ile ya mvua, na nyumba itafungwa hivyo.

"Mwanangu," akasema polepole, "umeendesha pikipiki, au imekuendesha?"

Mke wa jirani akacheka kule uani. Mama naye akacheka kidogo. Kisha akashika fremu ya mlango, akasimama, akanyoosha mgongo, na akaanza yeye.

Sikuwa nimepata kusikia sauti yake ikiwa mbele. Miaka yote ilikuwa chini ya sauti ya baba, halafu chini ya yangu, nasi tulidhani ni sauti ndogo. Haikuwa ndogo. Ilitoka imara, ya chini, bila haraka, ikajaza chumba kile kitupu hadi kwenye mabati, ikatoka mlangoni. Uani jirani na mkewe wakaudaka. Nyumba ya juu yao, iliyokuwa imemaliza wimbo wake, ikaanza upya pamoja nasi. Mimi nilikuwa wa mwisho kuingia, katika ubeti wa tatu, nikiimba kwa kunong'ona, nyuma yake.

Jua likatua ndani ya wimbo huo.

Na hapa nasahihisha neno la pili. Watu wanasema kwa kunisifu kwamba wimbo wa mwisho katika nyumba ya baba yangu ulianzishwa na mwana mkubwa, kama desturi inavyotaka. Wanaosema hivyo hawakuwepo. Ulianzishwa na mama.